Matangazo ya Kutafuta Ndugu Yazidi Kurasa za Mbele

Anayetaka kujua utumwa wa Marekani uliwafanya nini watu, mimi simwelekezi kwanza kwenye hotuba za wakubwa. Namwelekeza kwenye Southwestern Christian Advocate, gazeti la Wamethodisti lililochapishwa New Orleans. Kuanzia 1879 lilikuwa na safu ya watu wanaotafuta jamaa zao. Waliojiandikisha kulinunua gazeti walitangaziwa bure, wengine walilipa senti 50. Mama anatafuta wanawe, kaka anamtafuta dada aliyeuzwa zamani akiwa mdogo. Wachungaji waliombwa kuyasoma matangazo hayo mimbarini, kwa kuwa waumini wengi hawakufundishwa kusoma. Katika majimbo mengi ya Kusini, kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la jinai.

Kinachonishika zaidi ni jinsi walivyojitambulisha. Mtu anasema alikuwa wa bwana fulani, akauzwa kwa fulani, akapelekwa Texas. Jina la aliyekumiliki ndilo lilikuwa anwani yako. Bila kulitaja, mama angekujuaje? Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitafuta nduguye tu, bila nia ya kumshitaki yeyote, alituachia orodha ya wauzaji na wanunuzi pamoja na njia walizopitishwa watu. Mwanahistoria wa serikali asingeiandika hivyo. Sensa za 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa kwa umri, jinsia na rangi, tena chini ya jina la mmiliki. Majina yao wenyewe, isipokuwa mara chache sana, hayakuandikwa. Wengi wao wanaonekana kwa majina yao mara ya kwanza katika sensa ya 1870, na hapo ndipo wajukuu wanaotafuta ukoo hugonga mwamba. Safu ile ya gazeti mara nyingine huwavusha.

Leo jumba la historia la New Orleans limeweka mtandaoni zaidi ya matangazo 2,500 ya gazeti hilo, ya hadi mwaka 1900. Nashangaa vitabu vya shule bado huyapita. Ukurasa wa mbele ulijua unasomwa na dunia, ukajipamba. Tangazo halikuwa na muda huo.

Si kila gazeti lilipona. Wilmington, North Carolina, umati wa wazungu wenye silaha ulichoma jengo la Daily Record, gazeti la Mmarekani mweusi Alexander Manly, tarehe 10 Novemba 1898, ukiipindua serikali ya mji siku hiyohiyo. Nakala zilizobaki za gazeti hilo ni chache mno. Picha ya wachomaji wakiwa wamesimama mbele ya jengo lililoungua, kwa mapozi, imebaki vizuri sana.

Palipokosekana gazeti, kitambaa kilifanya kazi. Mwaka 1921 Ruth Middleton alidarizi kwenye mfuko wa pamba habari ya bibi yake, aliyeitwa Ashley, aliyeuzwa South Carolina akiwa na miaka 9. Mama yake, Rose, alimpa mfuko huo ukiwa na gauni lililochakaa, konzi tatu za njugu aina ya pekani na msuko wa nywele zake. Hawakuonana tena. Mfuko uliibuka gulioni Tennessee mwaka 2007, kwenye rundo la vitambaa vikuukuu, na bila maneno yale ya uzi angeununua mtu akafutia meza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona jumba kubwa la makumbusho ya Wamarekani weusi lililoko Washington sasa limeshamaliza kazi. Limefunguliwa 2016, na ni zuri. Lakini ratiba za mazishi, zile zenye picha ya marehemu na majina ya watoto, wajukuu na kanisa lake, ziko kwenye masanduku ya akina bibi huko Augusta na Memphis. Maktaba za Georgia zimeanza kuzikusanya na kuzipiga skana. Fedha za historia ningezipeleka huko kwanza, kabla ya sanamu nyingine ya shaba.