Mkono mmoja wa roboti, prosesa ngapi?

Chukulia kiwanda cha kufungasha mafuta ya kula kwenye Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kimenunua mkono wa roboti wa mtumba. Kitakachosumbua kwanza ni uzito. Dumu la lita 5 linapita, nyuma yake la lita 20. Giaboksi imeshalika, na joto la Februari linabadilisha hata msuguano wa grisi. Kidhibiti, yaani programu inayoamua nguvu ya mota, kikiwa na namba zisizobadilika kitainua dumu dogo kwa kishindo na kubwa kwa kusuasua. Udhibiti unaojirekebisha hulinganisha mwendo uliotakiwa na uliotokea, kisha hukadiria upya uzito na msuguano huku kazi ikiendelea. Kwa mashine chakavu kama hizi, naona tunauhitaji kuliko hata kiwanda kipya cha Ujerumani.

Ubishi uko kwenye hesabu zenyewe: zigawanywe kwa prosesa nyingi, yaani chipu za kufanya hesabu, au zibaki kwenye moja? Zinarudiwa kama mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila mzunguko uishe ndani ya milisekunde 1. Miaka ya 1980 prosesa moja ilielemewa, ndipo watafiti wakaanza kuunganisha transputa, chipu zilizoundwa ziunganishwe nyingi pamoja, za INMOS, kampuni ya Bristol, Uingereza, na kuzigawia kazi zifanye kwa pamoja. Wanaotetea njia hiyo hawakosei: roboti ikiwa na viungo vingi, au mikono miwili ikibeba mzigo mmoja, hesabu huongezeka haraka.

Ila hesabu hizi zina foleni. Njia ya watafiti Luh, Walker na Paul ya mwaka 1980, ya kukokotoa nguvu inayohitajika kila kiungo, hutafuta kasi kuanzia kwenye kitako cha roboti hadi ncha ya mkono, halafu hurudi ikitafuta nguvu. Kiungo cha tatu kinasubiri cha pili. Kazi ya namna hiyo haiishi haraka kwa kuongeza prosesa tu, tena kupelekeana data nako kunakula muda. Na siku hizi chipu moja ya kawaida inazimaliza hesabu za viungo 6 ikabakiwa na nafasi.

Kwa hiyo prosesa nyingi ningezipa kamera, maana picha inagawanyika vipande bila kusubiriana. Kujirekebisha kubaki kwenye chipu moja isiyoingiliwa na kazi nyingine. Milisekunde ikichelewa, mkono unatetemeka. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni makadirio kupotea: sensa ikiwa na kelele, yaani vipimo vinavyorukaruka, na mwendo ukiwa ule ule kutwa, programu inaweza kuamini dumu lina uzito chini ya sifuri. Fundi asipoweka mipaka hapo, prosesa hata mia hazitamsaidia.