Masta ya bioteknolojia haiishii Makutupora

Kila dirisha la udahili wa uzamili linapofunguliwa, swali moja hurudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: masta ya bioteknolojia ya nini, na nchi yenyewe imekataa GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni maabara? Muulizaji huwa hakurupuki. Majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yalianza 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru yasitishwe na masalia yateketezwe, na Januari 2021 ikatangaza tena kuyafuta. Kwa majirani hali haikuwa tulivu pia. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, kisha watu wakakimbilia mahakamani. Uganda, Bunge lilipitisha muswada wake 2017 na Rais Museveni akakataa kuusaini. Kijana anayepanga maisha yake juu ya sera za namna hiyo ana haki ya kusita.

Ila hoja yenyewe imeanzia pasipo. Inachukulia kwamba aliyesomea bioteknolojia kazi yake ni kutengeneza GMO, kwa hiyo GMO ikifungwa naye kafungiwa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za fani hii hapa kwetu haijawahi kuhitaji kibali cha GMO hata siku moja.

Chukua muhogo. Kuanzia Pwani, Lindi na Mtwara hadi Kanda ya Ziwa, zao hili linasumbuliwa na magonjwa mawili ya virusi. Batobato unaiona kwa macho: majani yanajikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ndiyo yenye hila. Shina linaweza kuonekana zima, majani ya chini yakawa na umanjano ambao hata bwana shamba anaweza kudhani ni uzee wa jani tu. Siku ya kuvuna unaukata muhogo na kukuta ndani kumejaa madoa makavu, magumu, ya kahawia. Hauliki wala hauuziki. Ugonjwa huu ulielezwa na mtafiti H. H. Storey akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, miaka ya 1930, enzi ambazo mtafiti aliona madhara ya kirusi bila kuwa na njia ya kumsoma kirusi mwenyewe.

Sasa piga hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopapita haraka mno. Muhogo haupandwi kwa punje, hupandwa kwa pingili za shina. Mche mmoja uliokomaa hutoa pingili kama 10. Ekari moja, kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hubeba miche ipatayo 4,000. Maana yake shamba la mbegu la ekari moja linatosha kupanda ekari 10 msimu unaofuata, na hizo 10 zinatosha kupanda 100. Shamba mama likiwa na virusi, na mkaguzi akaliangalia kwa macho akaridhika, basi ndani ya misimu miwili ugonjwa umefika kwenye ekari 100. Hata ukisema iliyoambukizwa ni robo tu ya miche, hiyo ni sawa na ekari 25 za miche migonjwa iliyochanganyika na mizima, nayo kazi ya kuing'oa mmoja mmoja hakuna mkulima atakayeifanya. Inzi weupe, waenezaji wa kila siku, hawana ubavu wa kusafiri umbali mrefu hivyo. Safari hiyo hufanywa na lori, tena lori lililobeba kitu kinachoitwa mbegu bora.

Wa kulisimamisha lori ni mtu mwenye jani mkononi na mezani ana mashine ya PCR, inayonakili vinasaba vya kirusi mara nyingi hadi vionekane. Jani linasagwa kwenye kimiminika kiitwacho bafa, RNA inatolewa (virusi vya michirizi hubeba vinasaba vyao kwenye RNA badala ya DNA, nayo sampuli ukiizembea inaharibika), inageuzwa kuwa DNA, kisha inawekwa kwenye mashine inayopandisha joto hadi nyuzi 95 hivi, inashusha, inapandisha tena hadi 72, mizunguko 35 au zaidi. Mwisho unasoma mistari kwenye jeli, inayokuonyesha kama kirusi kimo. Mafundisho ya kubonyeza mashine hiyo ni ya wiki moja. Kujua lini usiamini jibu lake ndiko kunakochukua miaka. Wengi wanakumbuka Mei 2020, Rais Magufuli aliposema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zimerudi na majibu ya Corona. Ubishi uliofuata ulikuwa wa kisiasa mtupu, wakati swali lililopaswa kuulizwa lilikuwa la kimaabara: sampuli za kulinganishia, zile ambazo jibu lake linajulikana tangu mwanzo, siku ile zilitoa nini? Waliokuwa na uwezo wa kuliuliza hawakuwa wengi.

Na kazi haiishii kwenye kupima. Wakulima wa kusini wana muhogo wao uitwao Namikonga, unaoivumilia michirizi. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje waliuchavusha na Albert, aina inayougua kirahisi, wakasoma vinasaba vya watoto waliozaliwa ili kujua uvumilivu ule umekaa sehemu gani. Hakuna jeni iliyohamishwa kutoka kiumbe kingine. Ni uzalishaji wa mbegu ule ule wa mababu, isipokuwa mzalishaji anaweza kuchagua mche ungali mdogo badala ya kungoja mwaka mzima auchimbue. Kabla ya Corona, timu iliyokuwa na watafiti Joseph Ndunguru na Laura Boykin ilifika hadi kubeba shambani kifaa cha kusomea vinasaba, MinION, kinachoingia mfukoni, na mkulima akapewa jibu siku ile ile. Mambo haya yamefanyika katika nchi hii hii inayosemwa imeifungia fani.

Hayo nimeyasema kwa kirefu kwa sababu hayasemwi. Upande wa pili nao una hoja nzito, na nzito kuliko ile ya GMO.

Ya kwanza ni ya usajili. Hospitali ndizo zenye maabara nyingi, lakini kwa sheria ya 2007 ya wataalamu wa maabara za afya, anayetoa majibu ya mgonjwa lazima awe amesajiliwa na baraza lao. Masta ya bioteknolojia haikutengenezwa kwa ajili ya usajili huo. Unaweza kuijua PCR kuliko kila mtu katika jengo na bado ukakosa haki ya kusaini karatasi ya majibu ambayo mwenye diploma ya maabara anaisaini. Anayeingia kwenye fani akifikiria ajira ya hospitali ajue hilo leo, asilijue siku ya usaili.

Ya pili ni fedha. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inalenga hasa shahada ya kwanza, na aliyeimaliza tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi pindi tu anapoajiriwa. Kujilipia masta juu ya deni hilo si mchezo. Wanaosema wataifanya ili wawe wahadhiri nao wasome masharti: vyuo vinadai GPA ya 4.0 kwenye uzamili, na ile ya shahada ya kwanza nayo inaangaliwa. Mwenye 3.2 ya zamani haioshi kwa masta.

Ya tatu ndiyo inayowaumiza walio ndani, na walio nje hawaijui. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Vimeng'enya vya PCR vinatoka nje na lazima vikae kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR pa kuanzia, zinaagizwa Afrika Kusini au Ulaya. Kifurushi kikilala bandarini au uwanja wa ndege kwa sababu ya karatasi moja, barafu inayeyuka na fedha ya mtu imeyeyuka nayo. Umeme ukikatika wikiendi na jenereta isiwake, sampuli za msimu mzima zimekwenda. Ndiyo maana programu ya miezi 24 inakuwa miaka mitatu au minne, na mwanafunzi anaitwa mzembe nyumbani ilhali anachosubiri ni boksi.

Mimi bado naona masta hii inafaa, lakini kwa atakayeingia kupitia mradi, si kupitia fomu ya udahili peke yake. Ubora wa shahada hii unaamuliwa na aliyekusimamia na alichonacho kwenye friza. Kuna milango ambayo haikuombi ada ya mfukoni: Taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika (PAU) iliyoko ndani ya chuo kikuu cha JKUAT, Juja, Kenya, inafadhiliwa kupitia Umoja wa Afrika na ina programu ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili kwa vyuo vya ukanda huu, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Taasisi ya Nelson Mandela Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) huwa na miradi inayobeba wanafunzi wake. Kabla hujalipa chochote, mwandikie msimamizi unayemtaka umuulize mambo matatu: mradi wako unaisha lini, nani analipia vitendanishi vyangu, na wanafunzi wako wawili wa mwisho walimaliza kwa muda gani. Atakayekasirishwa na maswali hayo amekujibu. Na kama mwaka huu hakuna mwenye mradi, kujitolea miezi kadhaa kama msaidizi wa utafiti kwenye kituo kama kile cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, kutakufundisha mkono, na aghalabu mradi ukipata fedha anayeitwa kwanza ni yule ambaye tayari anajua friza ipi inafunguliwa kwa ufunguo upi.