Aidia inapimwa aje? Angalia makanga kwanza

Kila mtu hii Nairobi ana aidia, na swali la kwanza anaulizwa ni soko ni kubwa kiasi gani. Mimi naona hilo swali linadanganya. Chukua ile kadi ya kulipia matatu. 2013 Google na benki ya Equity walileta moja inaitwa BebaPay, mwaka uliofuata serikali nayo ikasema mat zote ziache kesh, na soko ukiangalia ni mji mzima unapanda mat asubuhi na jioni, lakini 2015 BebaPay ikafungwa na ile amri pia ikafifia hivyo tu. Sasa makanga, yule anakusanya nauli, anaishi na kesh iko mkononi, hapo ndio anatoa ya mafuta, ya kamagera anayeita abiria kwa steji, ya askari wa barabarani (tusijifanye hatujui), anafikisha tageti ya mwenye gari halafu kinachobaki wanagawana na dere. Kadi inataka kila shilingi iende moja kwa moja kwa akaunti. Nani atabeba mashine ya kumnyima chakula? Utaambiwa tu imeharibika, leta kesh, ndio mvua ikinyesha apandishe nauli. Leo watu wanalipa mat kwa simu bila amri ya mtu, na mara nyingi pesa inaingia kwa namba ya makanga mwenyewe.

Kwa hivyo nauliza nani atapoteza, na je, si huyo huyo unamtegemea aiendeshe?

Ila ukipima vikali hivyo utaua hata zenye zingefaulu, hapo wanaonipinga wako na pointi. M-Pesa ilijaribiwa 2005 kama njia ya kulipa mikopo midogo, kitu cha kawaida tu, mpaka watu wa majaribio wakaanza kutumiana pesa wenyewe, ndio ikazinduliwa 2007 kama ya kutuma pesa nyumbani. Ungekaa na kalamu na karatasi hungeiona hiyo. Lakini pia watu walikuwa tayari wanatuma pesa ushago na dereva wa basi, njaa ilikuwepo. Afrika Kusini waliizindua 2010, huko wengi walikuwa na akaunti za benki, 2016 wakafunga.

Mimi bado naegemea kujaribu, bora iwe kidogo na kwa bei rahisi. Ukiweza kuanza na watu wa ploti moja, anza hata kesho. Ikiwa inangoja serikali ilazimishe watu kwanza, mimi sitoi hata soo.