Maharage ya kopo yasuuzwe kwanza

Nimesoma makala yanayovisifu vituo vya kugawa chakula vya hapa Louisville, Marekani, kwa kufundisha lishe. Sawa kabisa. Lakini enyi wa vituo, karatasi ya Kiingereza yenye mchoro wa sahani itamsaidia nini mama aliyefika juzi kutoka Uvira, Kongo? Mwonyesheni kwa vitendo: maharage ya kopo yamwagwe kwenye chujio, yasuuzwe kwa maji ya bomba, sodiamu (ile ya chumvi) inapungua karibu asilimia 40. Mwenye presha atawashukuru. Matunda ya kopo achukue yaliyo kwenye juisi yake, si yale yanayoelea kwenye maji mazito ya sukari. Na ile siagi ya karanga, jamani, ikiwa haina sukari inaunga sombe (kisamvu) vizuri mno! Mama zetu wapeni jiko hapo vituoni wafundishe wao.