Boti miezi 18, baharia siku sita

“Sitta.”

Neno moja tu. Afisa alimwambia mwenzake akiwa na pasipoti yangu mkononi, nami nikaelewa kabla hajageuka kunieleza. Kimalta kina Kiarabu ndani yake, kama Kiswahili chetu. Sita ni sitta, saba ni sebgħa, bahari ni baħar, na mimi baharia ni baħri. Miezi yote niliyofanya kazi huko nilikuwa nafurahia mambo hayo, nikitembea Valletta, mji mkuu wa Malta, najiona kama niko kwa shemeji. Siku ile nilitamani nisielewe kitu. Siku sita ndizo zilizokuwa zimenibakia Ulaya.

Yoti niliyokuja nayo, boti ya starehe ya tajiri wangu, niliyoifunga kamba gatini kwa mikono hii nusu saa kabla, ilipata miezi 18.

Wenzangu mnaofanya kazi huku mnaujua mchezo huu na hamshangai tena. Basi leo nashangaa kwa niaba yenu. Yoti iliyosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya, ya tajiri anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, inaingia Malta, Sicilia, Krete, kokote huko, bila ushuru wala VAT, mradi isizidishe miezi 18. VAT ya Malta ni asilimia 18. Boti ya yuro milioni moja ingedaiwa yuro 180,000, lakini haidaiwi hata senti kwa kuwa ni mgeni anapita. Sisi tulifundishwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamempa mgeni mwaka na nusu, na jembe hawajalitaja.

Hilo wala silo linalonichoma. Linalonichoma ni kinachotokea miezi 18 ikikaribia kwisha.

Unadhani boti inafukuzwa? Boti inapelekwa matembezi. Sisi tuliipeleka Monastir, Tunisia, kama maili 180 za baharini kutoka Malta, mwendo wa siku nzima na kipande cha usiku upepo ukiwa na huruma. Tukafunga, tukamaliza mambo ya forodha, nahodha akachukua risiti ya marina, yaani gati la yoti, yenye tarehe akaikunja taratibu kama cheti cha ndoa. Tukalala usiku mbili, tukala samaki, tukarudi. Basi, kazi imekwisha. Sheria haisemi boti ikae nje muda gani. Imetoka, imerudi, ushahidi upo, saa inaanza upya. Miezi mingine 18. Ikikaribia kwisha mnakwenda tena kula samaki.

Sasa jaribu wewe mwenye miguu. Wewe una siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo hazioshwi na maji ya Tunisia. Nenda, lala, kula samaki wako, ukirudi unakuta zile ulizokwishatumia zinakungoja mlangoni kama mwenye duka anayekudai. Kila siku unayokaa, wanarudi nyuma siku 180 na kuhesabu moja moja. Mimi nilikuwa nimeshazila 84. Enzi za mihuri angalau wino ulififia, afisa akachoka kufunua kurasa. Tangu Oktoba 12, 2025 wameanza kuweka mashine mipakani, zinachukua sura yako na alama za vidole, na mashine haichoki. Na hapo nimeshalipa yuro 90 za maombi ya visa, nimepeleka karatasi za benki, barua ya tajiri, bima, tiketi. Boti haikuulizwa ina shilingi ngapi benki. Haikuulizwa itarudi lini kwao wala ina watoto wangapi wa kuirudisha nyumbani.

Tajiri mwenyewe ni Mwingereza. Uingereza ilishatoka Umoja wa Ulaya, basi tangu 2021 naye ana siku zake 90, ingawa visa haombi. Kuna jioni alikaa nyuma ya boti na kinywaji chake akilalamika saa nzima: yeye, mtu mwenye mali, kuhesabiwa siku kama mtoto wa shule! Mimi nilikuwa nakunja kamba. Nikainamia kamba zangu vizuri asinione uso. Ameonja joto ya jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa halijapata moto.

Nakiri, na nakiri kwa shingo upande, kwamba sheria ina mantiki yake. Boti haiugui, haitafuti kazi, haizai. Wakiibana itahamia Uturuki au Montenegro, na mafundi wa Malta wabaki wanatazamana. Wagiriki angalau wanaitoza kwa urefu, ikizidi mita 7 inalipa kwa mwezi. Na hata sisi, yoti za Wazungu zinapotia nanga Raskazone, Tanga, hakuna anayezidai ushuru kama friji la dukani. Tena maafisa wa siku ile walikuwa watu waungwana, mmoja alinihesabia mara mbili labda amekosea. Hakuwa amekosea.

Lakini mantiki hiyo wameikata katikati. Wanasema boti inaleta pesa. Sawa, nani anaisogeza? Nani anaamka saa tisa usiku upepo ukigeuka, anayeikwangua chumvi, anayejua kwamba pampu ya pili inavuja ukiifungua upesi? Miezi 18 wameipa ikae na nani?

Nirudi kwenye safari, maana kuna jambo sijalisema. Wakati wa kurudi kutoka Monastir zamu yangu ilikuwa saa nane usiku mpaka alfajiri. Kulipoanza kupambazuka tuliiona boti ya mpira, imelegea upande mmoja, haina mtu. Tukaizunguka polepole. Ndani mlikuwa na maji na ndala moja ya bluu, za aina ileile anazovaa kila mtu kuanzia Tanga mpaka Tripoli. Inawezekana waliokolewa. Nahodha aliita redioni, akataja mahali tulipo, akaandika kwenye daftari la safari, tukaendelea. Hatukuongea mpaka tulipoona nchi.

Halafu, kama kawaida, nikapandisha bendera ya njano. Ndiyo desturi: unatoka nje ya Ulaya, unaita Valletta kwa redio, chaneli 12, unapandisha njano, maana yake sisi ni wazima, tunaomba kuingia. Bendera hiyo ni ya zamani za tauni. Pale Marsamxett, bandari iliyo ubavuni mwa Valletta, kuna kisiwa cha Manoel, na juu yake majengo ya Lazaretto yaliyoanza 1643, ambapo abiria wa meli zenye shaka walizuiwa wiki kadhaa. Walizuiwa wote, tajiri na baharia wake, japo sidhani kama tajiri alikosa chumba chenye dirisha. Siku hizi kitambaa kilekile kinapandishwa na kushushwa kwa mkono wangu, na anayebaki nje ni mwenye mkono.

Kuna watu wataniambia hasira zangu nizipeleke kwenye VAT, kwamba huko ndiko kwenye wizi mkubwa. Tume ya Ulaya yenyewe mwaka 2018 ilizianzishia Malta, Kupro na Ugiriki hatua za kisheria kwa nafuu zao za kodi ya yoti. Wapambane huko, mimi sina yoti.

Nilikuwa na samli, hata hivyo. Kuna dada yetu wa Mombasa anaishi Malta, chapati zake ndizo zilizonilea miezi ile, akaniagiza nikifika Tunisia nimtafutie samli. Nikaipata sokoni Monastir, wao wanaiita smen, kopo la kilo moja, harufu yake ukifunga macho uko jikoni kwa bibi. Afisa akaliona kopo juu ya meza. Maziwa na nyama, na vyote vitokanavyo, haviingii kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Ningebeba samaki ningepita, samaki wanaruhusu mpaka kilo 20. Samli hapana. Akafikiri kidogo, akasema ikae botini, iliwe botini, ila isishuke. Nikamwelewa vizuri sana. Tukacheka wote wawili, sijui yeye alicheka nini.

Siku ya sita nikapanda ndege. Dada alinisindikiza na chapati zilizokaangwa kwa mafuta ya alizeti, akaomba radhi njia nzima kana kwamba kosa ni lake.

Sasa niko Tanga nahesabu, nasubiri zile siku 90 zianze kudondoka nyuma moja moja. Juzi baharia mwenzangu, Mreno, raia wa Umoja wa Ulaya ambaye yeye hahesabiwi, alinitumia picha ya friji ya boti. Kopo lile lipo palepale, kifuniko hakijafunguliwa. Anauliza alifanye nini. Nimemwambia apike wali, aweke kijiko kimoja mwishoni, asizidishe.