Fedha Iliyogeuka Dele

Kwetu Lamu usonara ulitoka kwa babu ukaja kwa baba, na Alhamisi moja ukakaribia kufia mikononi mwangu.

Mama mmoja alileta jozi ya bangili za fedha alizoachiwa na mamake. Bintiye anaolewa Jumamosi, na bangili moja imeachia kwenye kiungo. Baba yuko msikitini, basi nikajitosa. Nikapiga tupa ncha mbili mpaka zikabana hata mwanga haupenyi, kwani lehemu haizibi pengo. Nikapaka tinkali, dawa ya kusaidia lehemu itiririke, nikapanga vipande 3 vya lehemu, kila kimoja kama punje ya ufuta. Moto nikauzungusha bangili nzima, maana lehemu hukimbilia penye joto zaidi. Ukichoma upande mmoja inahamia huko. Ikatiririka vizuri kama uzi. Hapo nikajiona sonara.

Ikabaki kutoa weusi. Kwa hilo tuna bakuli la maji ya moto na unga wa ndimu, vijiko vikubwa 3 kwa nusu lita. Ya siku ile yalikuwa yametumika wiki kadhaa, yamegeuka buluu kwa shaba ya vyombo vya watu. Hata fedha ya 925, yaani fedha halisi sehemu 925 kwa elfu, zile 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Nikatia bangili zote mbili zifanane. Vijiti vya mbao vya kuopolea sikuviona, nikachukua kibano cha nyusi cha dada, chenye kutu, nikakisahau mle mle.

Narudi, bangili nyekundu kama dele la kahawa! Chuma kikiingia mle, shaba iliyo majini hujibandika juu ya fedha. Baba kashaniambia mara mia.

"Hodi!" Mwenyewe huyo.

"Mwanangu, nimeleta fedha, mbona naona shaba?"

"Shikamoo mama. Hiyo... rangi ya kwanza."

Baba akaingia, akatazama bakuli, akatazama kibano, akanitazama mimi. Akamwaga yote. Maji mapya, unga mpya, na haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, kiasi sawa na maji hayo, ile dawa ya kuoshea vidonda. Utando ule ni mwembamba mno. Dakika chache tu, fedha ikarudi. Hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Kibano nacho kilikuwa kimevaa shaba. Dada alikigeuzageuza kwenye taa, kisha akaniletea vibanio vyake vyote vya nywele.