Kitabu cha Lewis na Clark cha 1814: kikae kwa tajiri au maktabani?

Mwaka 1814 wachapishaji Bradford na Inskeep wa Philadelphia walitoa historia ya msafara wa maafisa wa jeshi Meriwether Lewis na William Clark, waliovuka magharibi ya Amerika hadi Bahari ya Pasifiki, juzuu mbili, bei dola 6. Zilipigwa chapa nakala 2,000, lakini zilizofika sokoni zikiwa kamili hazikuzidi sana 1,400. Leo nakala nzuri yenye ramani yake hupita dola 100,000 mnadani. Kila moja inapouzwa, ugomvi ni uleule: kwa nini kumbukumbu ya safari iliyolipiwa na serikali ya Marekani ifungiwe kwenye kabati la mtu binafsi?

Wanaotetea wanunuzi wana hoja nyepesi kuielewa. Kitabu kilichapwa kiuzwe, kikauzwa. Anayetaka kukisoma anakipata mtandaoni bila kulipa senti. Tena anayetafuta ukweli wa safari yenyewe, kuanzia Mei 1804 walipoanza kupanda mto Missouri hadi waliporudi St. Louis Septemba 1806, hata asianzie hapo. Lewis alifariki mwaka 1809 kabla ya kumkabidhi mchapishaji hata ukurasa mmoja. Clark, ambaye tahajia yake ni kichekesho hadi leo, aliikabidhi kazi kwa wakili kijana, Nicholas Biddle. Biddle alizisuka daftari za safari zikawa simulizi moja laini, na sherehe ya nyati ya Wamandan, kabila la wenyeji wa Amerika, iliyohusu mambo ya unyumba, akaiandika kwa Kilatini ili msomaji wa kawaida asiielewe. Mimea na wanyama waliorekodiwa kwa taabu njiani wengi waliachwa, wakisubiri juzuu ya sayansi ambayo haikutoka. Kwa hayo yote, msomaji makini atafungua daftari zenyewe zilizohaririwa na Gary Moulton, juzuu 13 zilizotolewa na Chuo Kikuu cha Nebraska kati ya 1983 na 2001.

Hapa nakubaliana nao, lakini hoja hiyo inawarudia wenyewe. Kama maneno yako kila mahali, basi kinacholipiwa ni kitu chenyewe: karatasi, jalada la wakati ule, na zaidi ya vyote ramani kubwa iliyokunjwa, iliyotokana na mchoro wa Clark. Wachoraji ramani wa Marekani waliitegemea kwa miaka mingi kwa nchi za magharibi ya Missouri. Ni ramani hiyo inayotiwa wembe. Nakala nyingi zimebaki bila ramani. Nyingine ilichanika kwa kukunjuliwa mara kwa mara, nyingine ilitolewa ikatiwe fremu ukutani. Soko linaloilinda ramani kwa bei ndilo linalomshawishi mtu kuitenga na kitabu chake. Mwenye nakala yake akiikata, hakuna sheria aliyovunja.

Je, maktaba ni salama zaidi? Ningependa kusema ndiyo bila kusita. Lakini mwaka 2017 wakaguzi waliingia chumba cha vitabu adimu cha maktaba ya Carnegie, Pittsburgh, wakakuta vitabu na ramani za mamilioni ya dola zimetoweka. Mwizi hakuruka dirisha. Mtunza kumbukumbu wa humohumo alikuwa akizitoa kwa zaidi ya miaka 20 na kumpa muuza vitabu.

Kesi inayonifundisha zaidi si ya kitabu hiki, ni ya karatasi zilizokitangulia. Mwaka 1953, kwenye dari ya nyumba moja huko St. Paul, Minnesota, yalipatikana maandishi ya Clark ya njiani ndani ya dawati la kale. Serikali ilikwenda mahakamani ikidai ni mali yake, kwa kuwa Clark aliyaandika akiwa afisa wa jeshi kazini. Ilishindwa, na mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikathibitisha kuwa ni ya warithi wa mwenye dawati hilo. Wenye maktaba waliona msiba. Lakini mnunuzi alikuwa Frederick Beinecke, mkusanyaji tajiri, naye akayatoa kwa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1964 yakachapishwa, kila mtu akayasoma.

Kwa hiyo mimi simlaumu mnunuzi kwa kununua. Ninamdai mambo mawili: aruhusu nakala yake ipigwe picha yote, ramani ikiwemo, na aandike wosia wa wapi itakwenda akifa. Nyumba za mnada nazo, ambazo hutaja "ramani haipo" kwa herufi ndogo na kushusha bei, zingeeleza pia ramani hiyo ilitoka lini na mikononi mwa nani, pale zinapojua. Wakati mwingine zinajua.